Ekrani ya ordinateri inageuka nyeusi: angalieni kwanza programu ya kamera za depo

Leo tunaweka kidogo pembeni mambo ya mbegu na ya muhogo, tuzungumze juu ya mashini ya biro. Kuko kooperativa ambazo zimekwisha kuweka kamera ndani ya depo, mahali munapolaza mupunga, mahindi na kakao mukingoja balenyere ao pikipiki za kwenda Kisangani. Ni jambo nzuri. Lakini mara nyingi ile ordinateri moja inayobeba kitabu cha wanamemba, kilo za kila mutu na hesabu ya kese, ndiyo wanaipa tena kazi ya kuonyesha picha za kamera. Hapo ndipo shida inaanza: ekrani inazima na kuwaka, picha inakuwa kijani, maandishi yanakimbia pembeni, ao yote inabaki nyeusi.

Niliitwa siku moja na kooperativa iliyo kando ya muto Lomami. Jina lake naliacha. Magunia ya mupunga yalikosekana kwenye hesabu, na sentineli wa usiku, kijana mwenye bibi na mutoto, alikuwa amekwisha kuambiwa asirudi kazini. Kamera ilikuwako, lakini ekrani ya ordinateri ilikuwa nyeusi karibu wiki mbili, na wote walisema: "Kamera imekufa, hakuna ushahidi." Prezida alikuwa anatafuta feza ya kupeleka mashini Kisangani, na fundi mumoja wa mujini alikuwa amemwambia kwa telefone kwamba dawa ni kuformate. Kuformate! Yaani kufuta kila kitu kilicho ndani, pamoja na kitabu cha wanamemba, ambacho hakikuwa na kopi hata moja.

Tuanze basi na hayo mambo mawili, kwa sababu yanapita yote mengine.

La kwanza: mbele ya kugusa kitu chochote, chukueni flashi na mufanye kopi ya kitabu cha wanamemba na ya hesabu. Kama ekrani ingali inawaka hata kwa dakika tano, hizo dakika tano ni za kopi. Mutu akiwaambia "tuformate", mumuulize kwanza kopi iko wapi. Shida ya ekrani inayoletwa na programu ya kamera, kwa kawaida, haiombe kuformate hata kidogo.

La pili: ekrani ya ordinateri ikiwa nyeusi, haimaanishe kwamba kamera haifanye kazi. Katika depo nyingi kamera zinapeleka picha kwenye boksi ya kurekodi, ile wafundi wanaita DVR ao NVR, na boksi hiyo iko na diski yake ndani. Ordinateri ni dirisha tu la kutazamia. Dirisha likifungwa, nyumba ingali pale. Kwa kuhakikisha, chukueni televizyo ao ekrani ingine, muifunge moja kwa moja kwenye boksi kwa kabo ya HDMI ao ya VGA, pasipo kupitia ordinateri. Kama picha za depo zinaonekana, mumekwisha kujua kwamba kamera ni nzima, boksi ni nzima, na ugonjwa uko ndani ya ordinateri. Televizyo ikiandika kwamba alama haiwezekane ao iko nje ya kipimo chake, hiyo si kifo: boksi inatoa picha kubwa kupita nguvu ya ile ekrani. Tafuteni ekrani ya kisasa zaidi, kisha ndani ya boksi mushushe ukubwa wa picha.

Kule Lomami tulifanya hivyo kwa televizyo ya jirani. Picha zote zilikuwa pale.

Lakini musikawie, kwa sababu diski ya boksi haina mwisho wa kungoja. Ikijaa, inaandika juu ya picha za zamani. Fanyeni hesabu na mimi: kamera 4, kila moja inapeleka megabiti 2 kwa segonde, ni megabiti 8, yaani megabaiti 1 kwa segonde. Kwa saa moja ni 3,600, karibu giga 3 na nusu. Kwa siku nzima ni giga 86. Diski ya giga 1,000 inajaa kwa siku 11 na nusu hivi, kama umeme wa pano za jua haukatike. Neno lililotokea wiki tatu nyuma limekwisha kufutika. Kule nilikofika, siku ya mabishano ilikuwa siku ya 9. Tulikopi saa nne za ile siku kwenye flashi mbele ya kufikiri juu ya ordinateri.

Sasa ordinateri yenyewe. Swali la kuuliza ni hili: ekrani inasumbua wakati gani? Zimeni mashini, muiwashe, muangalie vizuri tangu mwanzo. Kama ekrani inatetemeka ao ina mistari hata pale jina la kiwanda linapotokea, mbele ya Windows kufunguka, basi programu ya kamera haina kosa. Angalieni kabo, ekrani yenyewe, ao umeme. Grupe inayopanda na kushuka, ao batri iliyochoka, inafanya ekrani kupepesa kabisa kama taa. Kama mwanzo ni muzuri na shida inakuja tu wakati picha za kamera zinafunguka, mumeshika mwizi.

Na mara ingine hakuna ugonjwa wowote. Programu nyingi za kamera zinajifungua zenyewe wakati mashini inawaka, na zinafunika ekrani nzima. Kama kamera za usiku ziko gizani ao boksi imezimwa, munaona weusi mutupu na munasema ekrani imekufa. Finyeni Esc. Ikikataa, finyeni Alt na F4 pamoja. Ikikataa tena, finyeni Ctrl, Maj na Esc pamoja: inafunguka "Gestionnaire des tâches". Chagueni programu ya kamera, kisha "Fin de tâche". Mukiona ekrani inarudi, bakieni palepale, mufungue sehemu inayoitwa "Démarrage", mufinye jina la programu na "Désactiver". Tangu siku hiyo programu itafunguka pale munapoiita, siyo pale inapotaka.

Shida inayonifikia mara nyingi zaidi ni hii: ekrani iko sawa, meni zinaonekana, lakini mahali pa picha ni peusi, ao ni kijani, ao picha zimevunjika vipande vipande kama kioo. Sababu yake ni vizuri kuielewa. Picha ya kamera haisafiri nzima, inafinywa ili iwe ndogo, na mashini inapaswa kuifungua tena, mara nyingi kwa segonde. Kuko namna mbili za kufinya zinazotumiwa sana: H.264, ya mwaka 2003, na H.265, ya mwaka 2013. Ile ya pili inafinya zaidi, lakini kuifungua ni kazi nzito. Kamera mupya inatoka dukani na H.265, na mashini ya biro ni ya zamani, pengine imetumiwa Ulaya mbele ya kufika kwetu. Karta grafiki yake, sehemu inayotengeneza picha, haijue lugha hiyo, ama inaijua nusu. Programu inaitwika muzigo kwa nguvu, na karta inatupa chini.

Ingieni basi katika mipango ya programu ya kamera, "Paramètres", mutafute maneno "Décodage matériel" ao "Accélération matérielle". Programu ikiwa ya Kiingereza, tafuteni neno Hardware. Ondoeni alama pale, mufunge programu, muifungue tena. Sasa ni ubongo wa mashini unaofungua picha, si karta. Mara nyingi hapo tu shida imekwisha. Mashini ikianza kuwa nzito sana, punguzeni kamera zinazoonekana kwa mara moja, ao muchague "flux secondaire", picha ndogo ambayo karibu kila kamera inatoa pembeni ya ile kubwa. Kwa kutazama kamera 4 juu ya ekrani moja, picha ndogo inatosha. Hakuna anayehesabu punje za mupunga.

Kama bado picha inakataa, geuzeni namna ya kufinya ndani ya kamera ao ya boksi: wekeni H.264 kwa flux secondaire peke yake, na muache H.265 kwa picha kubwa inayorekodiwa. Nimeona wafundi wanageuza zote mbili, wanafurahi, wanakwenda. Kisha diski inajaa mbio zaidi, na siku zinazohifadhiwa zinapunguka sana. Depo ikipoteza kitu, ndipo munajua bei ya ile furaha.

Kuko tena hali ambapo ekrani nzima inazima segonde chache, inarudi, na Windows inasema kwamba "pilote" ya picha ilikuwa imesimama. Pilote ni programu ndogo inayosemesha karta grafiki. Windows inaingojea kwa kawaida segonde 2. Isipojibu, inaizima na kuiwasha upya. Ikibaki nyeusi, mujaribu kwanza kufinya ufunguo wa Windows, Ctrl, Maj na B, vyote kwa pamoja: katika Windows 10 na 11 hiyo inaamsha pilote pasipo kufunga kazi zenu. Kama hali ilianza baada ya kuinstale programu ya kamera ao baada ya intaneti kuleta mambo mapya, fungueni "Gestionnaire de périphériques", "Cartes graphiques", finyeni jina la karta kwa upande wa kuume wa suri, "Propriétés", "Pilote", kisha "Restaurer le pilote". Inarudisha ile ya zamani iliyokuwa inafanya kazi. Ile finyo ikiwa ya kijivu na haifinyike, maana yake hakuna ya zamani iliyohifadhiwa. Hapo mutahitaji kutafuta pilote kwa kiwanda cha mashini, na hiyo ni kazi ya siku munapopata intaneti nzuri.

Maandishi yakiwa makubwa kupita kipimo, ao finyo za programu zikiangukia nje ya ekrani, rudisheni ukubwa ulioandikwa "recommandé" katika "Paramètres d'affichage". Ni dakika moja. Na wale wanaotazama kamera kwa njia ya Internet Explorer, mujue kwamba Microsoft iliiacha tangu tarehe 15 Juni 2022. Tumieni Edge pamoja na "mode Internet Explorer", ao bora zaidi, programu ya kiwanda cha boksi yenu.

Inabaki ile hali inayotisha: mashini inawaka, kisha weusi, na hakuna finyo inayojibu. Kataeni kwanza kuipakia katika pikipiki. Washeni mashini, na pale Windows inapoanza kufunguka, muizime kwa kushikilia finyo ya umeme. Mara tatu hivi. Windows 10 itaelewa kwamba iko na ugonjwa, na italeta ukurasa wa kujitengeneza. Pitieni "Options avancées", "Dépannage" na "Paramètres" mpaka "mode sans échec", kwa kufinya 4. Katika hali hiyo mashini inawaka na vitu vichache tu, na programu ya kamera haijifungue. Ekrani ikiwa nzuri pale, fanyeni kopi ya kitabu cha wanamemba kama hamukuifanya, kisha muondoe programu ya kamera. Mutaiinstale tena kisha, polepole, kwa mutu mwenye kuelewa.

Kama kweli inapaswa kwenda Kisangani, mashini isiende bila karatasi. Andikeni jina la boksi, jina la programu, siku shida ilipoanza, na kitu gani kiligeuzwa siku hiyo. Chini yake muandike kwa herufi kubwa: HAKUNA KUFORMATE BILA RUHUSA YA KOMITE.

Narudi kwa yule kijana. Tulitazama zile saa nne pamoja na prezida, mama trezorie na wazee wawili. Jioni ya ile siku, chini ya mvua kubwa, vijana watano walihamisha magunia kutoka chumba chenye paa inayovuja, wakayapeleka nyuma, chini ya bashi, kule kunakowekwa mbegu. Sekretere alikuwa amesafiri, na hakuna aliyeandika katika kaye. Tulikwenda nyuma, tukahesabu, magunia yalikuwa pale. Picha hizo hazikutumwa kwa WhatsApp ya mutu yeyote. Komite iliona, sentineli aliitwa, aliombwa radhi mbele ya wote.

Nusura lakini tukose, kwa jambo dogo. Sentineli alisema mvua ilianza saa 18h00. Juu ya picha, magunia yalihamishwa saa 17h10, wakati yeye alikuwa hajafika kazini. Wamoja walianza kusema kijana anadanganya. Kumbe boksi ilipangwa kwa saa ya Kinshasa, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Tshopo kwa saa moja nzima. Kwetu ni UTC+2. Katika orodha ya Windows chagueni ule mustari wenye majina ya Harare na Pretoria, na ndani ya boksi muweke vilevile. Kila mwanzo wa mwezi linganisheni saa ya boksi, ya ordinateri na ya telefone, na kama boksi ilikuwa imepotea, andikeni katika kaye dakika ngapi, mbele ya kuirudisha.