PROGRAMU HURIA SHULENI: SOMO LA KUIWEKEA KOMPYUTA MFUMO ENDESHI

Kisorya ni kijiji kilicho kando ya Ziwa Viktoria, wilayani Bunda, mkoani Mara. Hapo ndipo barabara itokayo Bunda inapofika ukingoni mwa maji, na wasafiri waendao Ukerewe hupanda kivuko kuelekea Rugezi. Kompyuta ikikwama katika shule ya mahali kama hapo, fundi huwa mbali, na nauli yake huenda ikazidi ujira wa kazi yenyewe. Mara nyingi mashine haina ubovu wowote wa chuma wala waya. Kilichoharibika ni programu. Hata hivyo hufunikwa kitambaa na kupelekwa stoo. Makala haya yanaeleza jinsi wanafunzi wanavyoweza kuirejesha kazini kwa mikono yao wenyewe.

Mfumo endeshi ni nini?

Mfano wa kivuko unafaa hapa. Chombo chenyewe ni mfano wa vifaa vya kompyuta: prosesa, kumbukumbu na diski. Abiria na mizigo ni programu za kuandikia, za kupigia hesabu na za kuchorea. Nahodha na mabaharia wake ndio mfumo endeshi: huamua nani apande kwanza, mzigo ukae wapi, na chombo kiondoke lini. Chombo kisicho na nahodha huelea tu gatini, hata kama injini yake ni nzima.

Huria si bure

Neno "huria" lisichanganywe na neno "bure". Programu yaweza kutolewa bure na bado ikawa imefungwa, yaani hairuhusiwi kuchunguzwa wala kunakiliwa. Programu huria humpa mtumiaji haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadili, kuwagawia wengine nakala zake, na kugawa nakala alizozifanyia mabadiliko.

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU ili kuunda mfumo endeshi wa namna hiyo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux. Kazi hizo mbili zilipounganishwa zilizaa mifumo kama vile Debian na Ubuntu.

Faida ya haki hizo ilionekana nchini Tanzania mwaka 2004. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakulazimika kuisihi kampuni yoyote iwape idhini, kwani leseni ya programu hiyo ilikwisha kuwapa haki ya kuibadili.

Hatua za kazi

1. Nyaraka zote zinazohitajika zinakiliwe kwanza mahali pengine, kwa sababu hatua ya tano yaweza kufuta kila kitu kilichomo katika diski.

2. Faili la mfumo lichukuliwe mahali penye intaneti nzuri. Nambari yake ya uhakiki ilinganishwe na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Tarakimu moja ikitofautiana, faili hilo lisitumiwe.

3. Faili liandikwe kwenye flashi kwa programu maalumu. Kulinakili kama barua ya kawaida hakutoshi, kwani kompyuta haitaweza kuwaka kutoka humo.

4. Kompyuta iwashwe kwa flashi hiyo. Kitufe cha kuchagua huwa F2, F12, Esc au Del, kutegemea mtengenezaji. Mifumo mingi huria huweza kujaribiwa hivyo bila kuigusa diski. Kibodi, sauti na mtandao vikaguliwe katika hatua hii.

5. Majaribio yakifaulu, mfumo uwekwe kwenye diski. Umeme uwe wa uhakika, maana ukikatika katikati ya kazi mfumo hubaki nusu na huenda kompyuta isiwake.

Kwa kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo, ni vyema kuchagua sura nyepesi ya skrini, kama vile Xfce au LXQt. Jambo hili lina uzito leo, kwani tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi nzima hazikidhi masharti ya toleo lililofuata.

Namna ya kufundisha

Mwalimu atenge kompyuta moja isiyo na nyaraka za thamani. Wanafunzi wafanye kazi watatu watatu: mmoja abonyeze, wa pili asome skrini na kueleza kwa Kiswahili, wa tatu aandike kila hatua daftarini, kisha wabadilishane. Wakikosea, waanze upya. Flashi ile ile yaweza kutumika mara kumi au mia, na kuazimwa na shule jirani, pasipo kuvunja sheria.

Historia ya nchi ina funzo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa mahesabu ya Serikali kushindwa kufanya kazi ipasavyo, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Upungufu wa wataalamu wazalendo ulikuwa miongoni mwa sababu za kushindwa huko. Marufuku hiyo ilikwisha kuondolewa, lakini mashine isiyo na mtu wa karibu aielewaye bado huishia stoo. Daftari la wanafunzi watatu waliofaulu ndilo fundi wa kwanza wa shule.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya programu ya bure na programu huria.
2. Kwa nini nambari ya uhakiki ilinganishwe kabla ya faili kuandikwa kwenye flashi?
3. Taja mambo matatu yanayofaa kukaguliwa kabla ya kuigusa diski.