Si kila anayeuliza anastahili jibu

SWALI: Daktari, nina miaka 26, naishi Tabora mjini. Nilizaliwa nikaonekana mtoto wa kiume na nikalelewa hivyo, lakini tangu shule ya msingi najijua kuwa mimi ni mwanamke. Nyumbani anayefahamu ni dada yangu peke yake. Tangu mwaka jana nameza vidonge vya majira anavyoninunulia duka la dawa, vitatu hadi vinne kwa siku, kwa sababu nilisoma kwenye simu kuwa vina homoni za kike. Matiti yameanza kujaa, ila siku hizi kichwa kinaniuma mara kwa mara, na tangu juzi kigimbi cha mguu wa kushoto kimevimba na kinauma nikitembea. Nimesomea utunzaji wa kumbukumbu, na mwezi ujao nimeitwa kwenye usaili Dar es Salaam kwa jina la kiume lililo kwenye vyeti vyangu. Kwa sasa nafanya kazi steshenari. Wateja na wenzangu wananiuliza kama mimi ni mume au mke, na mmoja alitaka kunishika kifua ahakikishe. Bibi naye kila nikienda kijijini anauliza nitaoa lini. Niendelee na vidonge? Niache kazi? Niwajibu nini watu hawa?

JIBU: Mdogo wangu, maswali yako ni mengi, lakini mguu hauwezi kusubiri zamu yake. Kigimbi cha upande mmoja kikivimba na kuuma kwa mtu anayemeza estrojeni nyingi, hofu ya kwanza ni damu iliyoganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likichomoka hupanda hadi kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Weka gazeti chini, nenda hospitali ya Kitete leo, kitengo cha dharura. Usiuchue mguu huo kwa mafuta wala kuukanda, hata dada akisisitiza, maana kuuminya kunaweza kulisukuma bonge. Ukipata maumivu ya kifua, pumzi kukata, kukohoa damu, au upande mmoja wa mwili kulegea, usitembee kwenda popote. Chukueni usafiri wa haraka kuliko wote.

Ukifika, mweleze daktari sentensi moja: “Nameza vidonge vya majira vitatu hadi vinne kila siku tangu mwaka jana, na mguu umevimba.” Sentensi hiyo inaweza kukuokoa. Ukiificha kwa aibu, mguu unaweza kutibiwa kama umeteguka. Daktari atatafuta bonge kwa ultrasaundi ya mishipa, na likionekana utaanzishiwa dawa za kuzuia damu isiendelee kuganda.

Na vidonge, acha leo hii. Niruhusu nikueleze kwa nini, kwa sababu najua kuna wasomaji wengine wanaofanya kama wewe na miguu yao bado haijavimba.

Kidonge cha majira cha kawaida chenye homoni mbili kina takriban mikrogramu 30 za estrojeni ya kutengenezwa iitwayo ethinilestradioli. Kipimo hicho kinatosha kuzuia mimba. Ukimeza vinne unaingiza mikrogramu 120 kwa siku, na estrojeni ya aina hii huchochea ini kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Vidonge vya miaka ya 1960 vilikuwa na estrojeni nyingi sana kuliko vya sasa, na vikapunguzwa baada ya wanawake kupata mabonge ya damu na kiharusi. Wewe umerudi kwenye kipimo kilichoachwa kwa sababu kilidhuru watu. Isitoshe, homoni ya pili iliyomo katika vingi vya vidonge hivyo, levonojestreli, ina tabia kidogo za homoni ya kiume, kwa hiyo sehemu ya unachomeza inavuta upande usioutaka. Na katika pakiti ya vidonge 28, vile 7 vya mwisho kwa kawaida ni madini ya chuma tu.

Hatari inaongezeka kwa anayevuta sigara, mwenye shinikizo la damu, mwenye ndugu aliyewahi kuganda damu, na mwenye selimundu, ugonjwa ambao kanda yetu ya magharibi na Ziwa inaujua vizuri. Inaongezeka pia kwa kukaa kitako saa nyingi. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 800. Usipande treni wala basi kwenda kwenye usaili huo kabla daktari hajauona mguu na kukuruhusu.

Najua unachouliza nyuma ya swali la vidonge: je, ipo njia sahihi? Ipo, na madaktari duniani wanaifuata kwa miongozo iliyoandikwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Humo hali ya mtu transijenda, kama wewe, iliondolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuwekwa kwenye sura ya afya ya kijinsia. Kwa hiyo hujarukwa na akili, na anayedai fedha akuombee au akupe mizizi ili ujione mwanaume anauza kitu ambacho hakipo.

Matibabu yenyewe hutumia estradioli, ambayo ni ileile inayotengenezwa na mwili, mara nyingi ikiambatana na dawa ya kushusha homoni ya kiume kama spironolaktoni, ambayo hospitali zetu huitumia kwa wagonjwa wa moyo na shinikizo la damu. Estradioli inayopakwa au kubandikwa kwenye ngozi ina hatari ndogo ya kugandisha damu kuliko ya kumeza. Katika mwaka wa kwanza vipimo hurudiwa takriban kila miezi mitatu: kiwango cha homoni, ini, shinikizo, na kwa wanaotumia spironolaktoni, figo na madini ya potasiamu. Matiti huanza kukua kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na hufika mwisho wa kukua kwake baada ya miaka miwili au mitatu. Kumeza mara nne hakuharakishi kitu. Sauti haibadiliki kwa estrojeni, ndevu nazo hazikomi. Sauti ina mazoezi yake. Jambo moja halirudi nyuma kwa uhakika: uwezo wa kuzaa unaweza kupotea moja kwa moja, na wewe umeshameza kwa muda. Kama unatamani mtoto wa damu yako siku moja, mwambie daktari kabla ya kuanza dawa yoyote tena.

Sitakudanganya kwamba utakuta mlango wenye kibao cha huduma hii Kitete. Unayemhitaji ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, au wa homoni ukipata rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando au Muhimbili. Mwingine atakukatalia. Hata anayekataa kukupa homoni hana sababu ya kukataa kutibu bonge la damu, kupima ini lako, au kukupa ushauri nasaha ukiwa na mawazo ya kujidhuru. Dai huduma hizo kwa sauti ya upole na usiondoke bila kuzipata. Na dawa za kujaza matiti na makalio zinazotangazwa mitandaoni, pamoja na sindano za kujaza mwili zinazochomwa na watu wasio na leseni, zikimbie.

(Kwa msomaji aliye upande wa pili, aliyezaliwa akaonekana wa kike na anajijua mwanaume: sindano za testosteroni hufanya sauti iwe nzito ndani ya miezi 6 hadi 12, na uzito huo haurudi. Hukatisha hedhi lakini si kinga ya mimba. Huongeza pia wingi wa chembe nyekundu za damu, ndiyo maana nazo zina vipimo vyake.)

Sasa kazi. Usiache. Mshahara wa steshenari ndio utakaolipia vipimo, na mtu asiye na kipato hulazimika kuvumilia maswali mabaya zaidi ya hayo.

Suala la vyeti limeshapiganiwa jirani hapa. Audrey Mbugua wa Kenya alimaliza kidato cha nne akiwa na jina la kiume kwenye cheti. Alipoanza kuishi kama mwanamke, cheti kile kikawa kikwazo kila alipotafuta kazi, kwa sababu aliyesimama mbele ya mwajiri hakufanana na karatasi aliyoishika. Alilishtaki Baraza la Mitihani la Kenya. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru jina libadilishwe na alama ya jinsia iondolewe kwenye cheti, kwa hoja kwamba mtihani hausahihishwi kwa kuangalia jinsia ya mtahiniwa. Mwaka huohuo mahakama ya huko iliamuru pia shirika lake la kutetea watu transijenda lisajiliwe. Naiheshimu sana hoja ile ya mtihani. Alama zako za utunzaji wa kumbukumbu umezipata kwa akili na mikono yako, na mwajiri anahitaji kujua kama faili litapatikana likihitajika.

Hukumu ya Nairobi haimfungi mtu Tanzania. Hapa jina unaweza kulibadili kwa hati inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na wengi huona wepesi wakichagua jina wanaloitwa wanaume na wanawake, kama Riziki, Amani au Furaha. Jinsia iliyo kwenye kitambulisho cha NIDA ni habari nyingine. Sheria zetu hazina utaratibu wa kuibadili kwa sababu hii. Kwa hiyo nenda kwenye usaili na nyaraka zote zikiwa na jina moja, hata kama ni lile usilolipenda. Vaa nadhifu, mavazi ambayo wewe mwenyewe utayamudu kwa saa hizo. Ukiulizwa kuhusu sauti au umbo, jibu, “Niko vizuri, naomba tuendelee na usaili.” Jina likija kubadilika, litabadilika ukiwa ndani na kazi yako imeshaonekana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, na katika orodha yake zimo jinsi na jinsia. Kifungu hichohicho kinahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi. Haitaji watu transijenda kwa jina, kwa hiyo itumie kama ngao lakini usiiegemee peke yake. Ukiachishwa kazi isivyo haki, una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Andika tarehe na maneno ya kila tukio kwenye daftari. Aliyetaka kukushika kifua hakuuliza swali, alitaka kukushambulia. Huyo mwambie msimamizi wako, kwa maandishi.

Kuhusu maswali yenyewe, wewe ni wa Tabora, utanielewa. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitozwa hongo ya vitambaa na shanga kila ilipoingia nchi ya mtemi mwingine. Wapo wanaokuona kama msafara: hupiti mpaka uwape habari za mwili wako. Lakini hata enzi zile njia ilipozidi kuwa ghali, watu walizunguka. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga barabara ya Ujiji, msafiri Stanley alipita kusini na akafika. Kwa mteja wa steshenari, njia ya kuzunguka ni fupi: “Unataka kopi ngapi?” Sema ukitabasamu na mkono ukiwa kwenye mashine. Kwa mwenzako wa kazi mwenye nia njema: “Hayo ni yangu, nikiwa tayari kuyasema nitakuambia.” Akirudia mara ya tatu, nia njema imekwisha, na hulazimiki kujibu tena.

Hospitalini ni tofauti. Daktari akiuliza dawa ulizomeza, sigara, ugonjwa wa ukoo, au uhusiano wa kimapenzi kwa ajili ya vipimo vya VVU na homa ya ini, mjibu kweli. Majibu hayo ni sehemu ya tiba. Ila akiita wenzake waje kukutazama, au muuguzi akitaka kujua utafanya upasuaji gani ilhali umekuja na mguu, uliza, “Swali hilo linasaidiaje matibabu yangu?” Taarifa zako za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Lazima pia nikukumbushe nchi unayoishi. Kuwa transijenda hakujatajwa kuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu, lakini kifungu cha 154 kinaadhibu tendo la ndoa “kinyume cha maumbile” kwa kifungo kisichopungua miaka 30 hadi maisha. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, na ingawa serikali ilitamka kuwa huo si msimamo wake, watu wengi walikimbia makwao na wengine wakaacha kliniki. Mdadisi hana haja ya habari za chumbani kwako, na hata rafiki usimwandikie hayo kwenye simu. Nchini Uganda, mwanamke transijenda Cleopatra Kambugu alianikwa na gazeti mwaka 2013 na akalazimika kuondoka nyumbani kwake. Baadaye, mwaka 2021, alipata kitambulisho kinachomtambua kama mwanamke. Siri yako ina mwenyewe, na ni wewe unayepanga nani aijue na lini.

Bibi simweki kundi moja na wadadisi hao. Anauliza kwa sababu anataka kukuona umetulia kabla hajaondoka duniani. Mwambie, “Bibi, niombee kwanza nipate kazi,” na utakuwa umesema kweli. Kama dada anamfahamu Bibi vizuri kuliko wewe, na anaona moyo wake unaweza kubeba zaidi ya hapo, mzungumze nyinyi wawili kwanza. Lakini hayo ni ya wiki zijazo. Leo kazi ya dada ni kukusindikiza Kitete, akiwa na pakiti ya vile vidonge mkononi ili daktari aisome mwenyewe.