Somo la biolojia: Sumu isiyoogopa moto

Sisi huku tunajua muhogo mchungu. Mama anauloweka siku kadhaa, anauanika, sumu inatoka. Lakini iko sumu ya bahari ambayo moto hauiwezi.

Kome ni mnyama laini wa bahari. Anakaa kati ya maganda mawili. Chakula chake anakipata kwa kuchuja maji. Humo mnaingia mimea midogo sana, isiyoonekana kwa macho, na mingine inatengeneza sumu. Kome mwenyewe hafi, hanuki, ladha yake ni ileile.

Mwaka 1987, kule Kanada, watu zaidi ya 100 waligonjwa nyuma ya kula kome wa Kisiwa cha Prince Edward. Watatu wakafa. Wengine walipona tumbo, lakini kushika mambo mapya kichwani kukawashinda.

Wataalamu wakadunga panya kwa maji yaliyotoka katika nyama ya kome wale. Panya wakajikuna mabega kwa miguu ya nyuma, alama ya ajabu. Ndipo wakatafuta zaidi, wakakuta asidi domoiki.

Tangu pale kome wanapimwa mbele ya kuuzwa. Asidi ile ikipita miligramu 20 katika kilo moja ya nyama, uvuvi unafungwa mpaka ishuke.

Maswali:
1. Kome anapata sumu namna gani?
2. Muuzaji anasema: «Nimepika sana, hakuna hatari.» Utamjibu nini?