Akili Unde Dukani: Funzo kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Bisil

Kwa mwenye duka wa Bisil, simu ndiyo daftari, ndiyo benki, na siku hizi ndiyo kibao cha matangazo. Sasa imeongezewa kazi nyingine. Programu kama ChatGPT na Gemini zinaweza kuandika tangazo, kujibu barua ya mnunuzi wa shanga aliye Ulaya, au kupanga hesabu za mwezi, na nyingi zinatumika bila malipo zaidi ya bando la intaneti. Hii ndiyo akili unde, ambayo wengi wetu tunaiita AI tu. Ukivuka mpaka hapo Namanga utasikia ikiitwa akili mnemba. Ni kitu kile kile.

Swali ambalo mwenye biashara anapaswa kuuliza ni moja: je, itaniongezea faida? Kuna jibu lililopatikana humu humu Kenya. Watafiti kutoka vyuo vikuu vya Marekani, vikiwemo Harvard na Berkeley, walifanya majaribio na wafanyabiashara wadogo 640 wa Kenya. Baadhi walipewa mshauri wa akili unde waliyeweza kumwuliza maswali kupitia WhatsApp. Wengine walipewa mwongozo wa kawaida wa mafunzo ya biashara. Matokeo yalitolewa mara ya kwanza mwishoni mwa 2023.

Kwa wastani, hakukuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Lakini wastani huo ulificha jambo. Wale ambao biashara zao zilikuwa zikienda vizuri tangu mwanzo walinufaika kwa zaidi ya asilimia 10. Wale waliokuwa wakiyumba walirudi nyuma kwa takriban asilimia 8 hadi 10 walipofuata ushauri wa mashine. Mashine ilikuwa moja na maswali yangeweza kufanana. Tofauti ilikuwa katika ushauri ambao mtu aliuchagua na kuutekeleza. Aliyeijua biashara yake alichukua kinachomfaa na kuacha kingine. Aliyekuwa amebanwa alielekea kuchukua ushauri wa jumla, kama vile kupunguza bei au kutangaza zaidi, hata pale ambapo bei yenyewe ilikuwa tayari haimlipi.

Kwa nini mashine itoe ushauri wa jumla? Kwa sababu ya jinsi ilivyotengenezwa. Imesomeshwa maandishi mengi mno, kisha inatunga jibu kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata jingine. Haijawahi kufika soko la mifugo la Bisil. Haijui kwamba barabara ya kwenda kwa mteja wako inakatika mvua ikinyesha, wala kwamba wiki ya kufungua shule watu huuza mbuzi kwa wingi. Usipoiambia, itajaza nafasi hiyo kwa mambo ya kwingine, na itayasema bila kusita. Hapo ndipo watu wengi hunaswa, kwa kuwa tumezoea kwamba anayezungumza bila kusita anajua anachosema.

Tuchukue mfano wa hesabu, tuufuate hadi mwisho. Mfanyabiashara amenunua marobota 60 ya nyasi kavu kwa shilingi 250 kila moja. Hiyo ni shilingi 15,000. Lori limemgharimu 4,500, na vijana wa kupakia na kupakua 600. Jumla ni shilingi 20,100. Akiuliza akili unde gharama ya kila robota, itagawanya kwa 60 na kumjibu: shilingi 335. Akiuza kwa 350 anaona amepata faida ya shilingi 15 kwa kila robota. Jibu ni sahihi kabisa kwa swali aliloliuliza.

Sasa tuseme marobota manne yalilowa na kuoza chini ya rundo. Yaliyouzika ni 56. Ukigawanya 20,100 kwa 56 unapata karibu shilingi 359. Akiuza yote 56 kwa 350 anapokea 19,600, yaani amepoteza shilingi 500 na jasho lake. Bado hajahesabu kodi ya kibanda. Na ikiwa amelalamika kwamba wateja ni wachache, akaambiwa ashushe bei hadi 330, hasara inapita shilingi 1,600.

Mashine haikukosea kugawanya, ila haikuambiwa kuhusu yale manne. Kwa hiyo kabla ya kuuliza, andika kwanza kwenye karatasi yale unayoyajua wewe peke yako: kinachoharibika, kinachokopwa na kisicholipwa, siku unazofunga, kodi ya nyumba, chakula cha kijana anayekusaidia. Kisha uliza hivi: “Kabla ya kunijibu, niulize maswali yote unayohitaji kujua kuhusu biashara yangu.” Sentensi hiyo moja inasaidia kuliko maagizo mengi marefu. Ukipata tarakimu, zipitie tena kwa kikokotoo cha simu, kwa sababu programu hizi zimeundwa kwa ajili ya maneno na wakati mwingine huteleza kwenye hesabu.

Kwenye matangazo, kazi ni rahisi zaidi na mashine hufanya vizuri, mradi agizo lako liwe na kitu ndani yake. Ukiandika “Nitungie tangazo la duka la agroveti,” utaletewa maneno matamu yanayoweza kubandikwa kwenye duka lolote kuanzia Mombasa hadi Malaba. Jaribu hivi badala yake: “Nina duka la agroveti Bisil, karibu na soko la mifugo. Wateja wangu ni wafugaji wa ng’ombe, mbuzi na kondoo. Siku ya soko nafungua saa kumi na mbili asubuhi. Nimepokea chumvi ya mifugo. Andika ujumbe wa WhatsApp usiozidi maneno 40, kwa Kiswahili rahisi. Usiongeze bei wala ahadi ambayo sijakupa.” Sentensi ya mwisho usiiache. Mashine hupenda kuongeza “tunafikisha bure mlangoni” pale ambapo hakuna anayefikisha chochote, na mteja atakayekuja kudai atakudai wewe.

Picha nazo zina mipaka. Kusafisha mwanga wa picha ya mkufu wako wa shanga si tatizo. Kutengeneza picha ya fahali ambaye humiliki, au ya mkufu ambao mafundi wa kikundi chenu hawajawahi kuutunga, ni kumdanganya mnunuzi, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Kuhusu Kimaasai, tahadhari ni fupi: mashine zimesomeshwa maandishi machache sana ya lugha hiyo. Tangazo la Kimaasai lisomwe na mtu anayekizungumza kabla halijatumwa.

Kuna maswali ambayo akili unde haifai kuwa na neno la mwisho. Chukua kodi ya mauzo, ile inayojulikana kama TOT. Mwaka 2020 kiwango chake kilishushwa hadi asilimia 1. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikirudisha hadi asilimia 3 kuanzia Julai mwaka huo, kwa biashara zenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Maandishi ya zamani bado yamejaa kwenye intaneti, kwa hiyo mashine inaweza kukupa kiwango kilichopitwa na wakati. Thibitisha na Mamlaka ya Ushuru, KRA, kabla ya tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya kuwasilisha na kulipa kodi ya mwezi uliotangulia. Ada za leseni ya biashara ni vivyo hivyo: kila kaunti ina sheria yake ya fedha, na jibu la Nairobi si jibu la Kajiado. Na kipimo cha dawa ya mifugo, au siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kuuza maziwa, viko kwenye lebo ya chupa na kwa daktari wa mifugo. Swali hilo lisipelekwe kwenye programu hata kama mteja ana haraka.

Limebaki jambo ambalo wengi hawalioni kuwa la sheria. Taarifa ya M-Pesa ya duka lako ina majina na nambari za simu za watu. Daftari la madeni lina mengi zaidi. Ukipiga picha kurasa hizo na kuzipakia kwenye programu ili ikupangie hesabu, umezitoa nje ya duka, na watu hao hawakukupa ruhusa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu. Ni kweli kwamba biashara nyingi zenye mauzo yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 hazilazimiki kujisajili na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Lakini kutosajiliwa si kusamehewa sheria. Septemba 2023, ofisi hiyo iliitoza sehemu moja ya burudani faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Njia ya kukwepa hilo ni nyepesi. Kabla ya kupeleka hesabu kwa mashine, ondoa majina na nambari, andika “Mteja 1”, “Mteja 2”, na ubakishe tarehe na kiasi. Mashine haihitaji kujua nani anadaiwa ili ikuambie madeni yamefika kiasi gani. Nambari ya siri ya M-Pesa na nakala ya kitambulisho, chako au cha mteja, visiingie humo kabisa. Picha ya mteja aliyevaa shanga zako inahitaji ruhusa yake, na ni vizuri ruhusa hiyo iwe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Na ikiwa ni wewe uliyetumiwa picha au nambari yako bila idhini, unaweza kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data kupitia tovuti yake. Hifadhi picha ya ukurasa ulioliona jambo hilo pamoja na tarehe. Sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 kuchunguza na kutoa uamuzi.