Mawe ya Thamani: Usinunue Rangi, Nunua Jiwe

Mwezi wa Juni mwaka 2020, mchimbaji mmoja wa Tanzania, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali ya nchi yake mawe mawili ya tanzanaiti. La kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 9.27, na la pili kilo 5.1. Alilipwa shilingi za Tanzania bilioni 7.74. Habari hiyo ilienea Afrika Mashariki yote, na ilistahili kuenea. Lakini palipo na tamaa mlaghai hakosi. Mkazi wa Kibera au Kawangware akifuatwa na mtu mwenye jiwe la kijani ndani ya karatasi, akaambiwa kwamba limetoka Taita na bei yake ni ya leo tu, ataamuaje? Akiba ya mwaka mzima yaweza kupotea kwa dakika tano. Somo hili limekusudiwa kumpa msomaji maarifa ya kuamua.

Kwanza yafaa tujue ardhi tunayoikanyaga. Mawe ya Nairobi, kama yale yanayoonekana kando ya mto Motoine na Bwawa la Nairobi, au yale tunayojengea nyumba, ni mawe ya volkeno. Yalitoka chini yakiwa uji wa moto au majivu, yakatanda juu ya nchi na kupoa upesi. Jiwe lililopoa upesi halina nafasi ya kukuza chembe kubwa zilizo safi. Ndiyo sababu hatutazamii kupata kito cha kijani kikiokotwa mtoni Kibera. Kinachookotwa huko mara nyingi ni kigae cha chupa kilicholainishwa na maji na mchanga.

JINSI VITO VINAVYOFANYIKA

Vito vya Taita na Taveta vina asili nyingine kabisa. Zamani sana palikuwa na matope na chokaa chini ya bahari. Kisha, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalisukumana, na matope yale yakafunikwa chini sana. Huko yalibanwa na kuchomwa kwa joto kubwa, pasipo kuyeyuka yote, hata yakageuka kuwa mawe mapya. Chokaa iligeuka marumaru. Mabaki ya viumbe yaliyokuwamo matopeni yaligeuka grafiti, ile nyeusi tunayoiona katika kalamu ya risasi. Mawe hayo ya kale yametanda toka Msumbiji, kupitia Tanzania, hata Kenya na kuendelea kaskazini.

Katika mawe hayo ndimo inamopatikana ganeti ya kijani. Mwaka 1967 mjiolojia Campbell Bridges aliikuta kaskazini mwa Tanzania, na miaka michache baadaye akaikuta Kenya, karibu na mbuga ya Tsavo. Mwaka 1974 duka la vito la Tiffany la New York liliipa jina la tsavoraiti, kwa heshima ya mbuga hiyo.

RANGI HUTOKA WAPI

Watu wengi hudhani kwamba rangi ndiyo jiwe lenyewe. Sivyo. Yakuti, kwa mfano, ni muungano wa alumini na oksijeni. Ikiwa safi kabisa haina rangi. Ikiingiwa na kromi kidogo huwa nyekundu. Ikiingiwa na chuma pamoja na titani huwa ya buluu. Tsavoraiti hupata ukijani wake hasa kwa vanadi. Zumaridi nayo ni ya kijani, lakini ni jiwe jingine kabisa. Na kioo cha chupa chaweza kutiwa rangi hiyo hiyo kiwandani kwa gharama ndogo. Basi rangi ni kama nguo: watu wawili waweza kuvaa kanzu moja, wala wasiwe ndugu.

KIPIMO CHA MAJI

Kuna kipimo kimoja ambacho fundi yeyote aweza kukifanya. Hutakiwa mizani ndogo ya sonara inayoonyesha sehemu za gramu, kikombe cha maji na uzi mwembamba.

Pima jiwe likiwa kavu, uandike uzito wake. Kisha weka kikombe chenye maji juu ya mizani, na uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi, ulizamishe lote majini huku ukishika uzi kwa mkono, wala lisiguse chini au kando ya kikombe. Hesabu itakayoonekana sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito wa kwanza kwa hesabu hii ya pili.

Tuchukue mfano. Jiwe kavu lina gramu 3.6, yaani karati 18, maana karati 5 ni gramu 1. Likizamishwa, mizani yaonyesha gramu 1. Basi 3.6 ukigawanya kwa 1 wapata 3.6, hiyo ni hesabu ya tsavoraiti. Lakini mizani ikionyesha gramu 1.44, jibu ni 2.5 tu, na hicho ni kioo cha chupa. Hesabu za kukumbuka ni hizi:

Kioo cha chupa: kama 2.5
Kwatsi: 2.65
Tanzanaiti: 3.35
Tsavoraiti: 3.6
Yakuti: 4.0

Kipimo hiki chakanusha kwa nguvu kuliko kinavyothibitisha. Jiwe lililopata 2.5 haliwezi kuwa tsavoraiti, hata muuzaji aape. Lakini kioo kilichotiwa madini ya risasi huwa kizito na chaweza kudanganya. Kadhalika yakuti za kiwandani zina uzito ule ule wa yakuti za ardhini, kwa kuwa ni kitu kile kile. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuzitengeneza mwaka 1902. Kwa hiyo tazama pia kwa kioo cha kukuzia. Viputo vya mviringo ndani ya jiwe ni dalili ya kioo. Na kabla ya kutoa fedha nyingi, jiwe lipelekwe kwa mtaalamu mwenye vyombo. Muuzaji anayekataa lipimwe amekwisha kujibu swali lako.

Tena usikwaruze jiwe lililokwisha kukatwa ili kujaribu ugumu wake. Yakuti ina ugumu wa 9 katika kipimo kinachoishia 10, tsavoraiti hupita 7 kidogo, na tanzanaiti ni kati ya 6 na 7. Jaribio hilo laweza kuharibu mali halali.

MOTO NA DAWA

Vito vingi hutengenezwa baada ya kuchimbwa. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa za rangi ya kahawia. Hutiwa katika tanuri polepole, kwa joto la nyuzi kama 500 hadi 600, zikawa za buluu. Rangi hiyo hudumu. Zumaridi zenye nyufa hutiwa mafuta. Yakuti nyekundu zilizo hafifu hujazwa kioo chenye risasi katika nyufa zake. Hizi huonekana nzuri lakini ni dhaifu, na thamani yake ni ndogo mno. Tsavoraiti kwa kawaida haichomwi.

Kutengeneza jiwe si udanganyifu. Udanganyifu ni kuficha. Muuzaji mwaminifu hueleza jiwe lake limefanywa nini, na mnunuzi hulipa kwa kadiri hiyo.

Jambo hili lawahusu hasa mafundi wa Kibera, ambao kwa muda mrefu wamejulikana kwa mapambo ya mifupa ya ng'ombe na ya shaba ya manjano inayoyeyushwa kutoka kufuli na mabomba makuukuu. Fundi akiletewa pete yenye kito ili aiunge, aulize kwanza ni kito gani. Moto wa ghafula waweza kupasua tanzanaiti, kukausha mafuta ya zumaridi, na kuharibu kioo kilichojazwa katika yakuti. Ni heri kulitoa jiwe kwanza kuliko kulipa deni lisilolipika.

SHERIA

Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yote ya Kenya ni mali ya Jamhuri, na biashara yake hutaka leseni. Kwa hiyo anayenunua jiwe uchochoroni aweza kupoteza mara mbili: fedha zake kwa mlaghai, na jiwe lenyewe, hata likiwa la kweli, kwa sheria. Mnunuzi na aombe kuona leseni, na apewe hati yenye jina la jiwe, uzito wake, na yote liliyofanyiwa.

Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisi twaweza kuongeza kwamba mkakasi hufunguliwa kabla ya kulipiwa. Kikombe cha maji, mizani na hesabu moja ya kugawanya havigharimu kitu kikubwa, na vyaweza kuokoa ada ya shule ya mtoto.