Maji ya Kuoshea Gari Yasipotee Bure



Siku hizi katika vilima vya Nyamira, pikipiki na pikapu ni vyombo vya shamba kama jembe na panga. Sokoni Nyaramba utaviona vimebeba ndizi, mbolea, mitungi ya maziwa na magunia ya majani chai. Mvua ikinyesha, barabara za udongo mwekundu huvipaka matope mpaka juu, na chombo kichafu hapana budi kioshwe. Somo letu la mwezi huu lauliza jambo moja: je, chombo chako unakioshea wapi, na maji yake yanakwenda wapi?

1. Hasara ya kuosha mtoni

Watu wengi hupeleka chombo kijitoni kwa sababu maji ya huko hayana gharama na hayahitaji kuchotwa. Lakini fikiri kidogo. Kutoka kwenye chombo hutoka matope, sabuni, grisi na mafuta ya injini. Chini ya mahali pale pana mama anayechota maji ya kupikia, na ng'ombe wa jirani wanaokunywa. Maji ya vilima vyetu hufuata mito, mingine ikiingia Sondu na mingine Gucha, na mito hiyo yote miwili huishia Ziwa Victoria. Kwa hiyo uchafu wa kilimani hufika mbali.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 yakataza mtu kutia majini sumu au kitu chochote cha kuyachafua. Hata ng'ambo jambo hili laangaliwa: katika miji mingi ya Ujerumani mtu haruhusiwi kuosha motokaa yake kwa sabuni juu ya ardhi tupu, kwa kuogopa maji yaliyo chini ya ardhi.

Basi oshea nyumbani, mbali na kijito na chemchemi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo tengeneza njia ya kuyakinga kabla hujayamwaga.

2. Kwanza punguza maji

Kabla ya kukinga maji, jifunze kutumia machache. Pima mpira wako hivi: ufungulie ndani ya debe la lita 20 na utazame saa. Ukijaza debe kwa sekunde 100, basi watoa lita 12 kila dakika. Ukiuacha wazi dakika 20, umemwaga lita 240, yaani madebe 12. Mtu aliyeyachota maji hayo chemchemini hawezi kukubali yamwagwe hivyo.

Fuata utaratibu huu:

(a) Kwangua matope makavu kwa kijiti na brashi kabla ya kutia maji. Matope hayo yarudishe shambani.

(b) Penye grisi na mafuta, futa kwanza kwa kitambaa kikavu. Usikitupe kitambaa hicho shambani.

(c) Tumia ndoo mbili na kitambaa: moja ya sabuni kidogo, moja ya kusuuzia.

(d) Anza juu, malizia magurudumu.

Kwa njia hii debe moja latosha pikipiki, na madebe manne yatosha pikapu.

3. Mahali pa kuoshea

Mlima, ambao hutuchosha tukipanda, hapa watusaidia, kwa maana maji yatashuka yenyewe bila pampu. Chagua mahali penye mteremko, juu ya migomba au majani ya ng'ombe.

Mwenye pikipiki tu hahitaji saruji. Panga vigogo vya migomba pande tatu za uwanja mdogo, tandaza nailoni nene juu yake, na upande wa chini uache wazi, maji yamwagikie karai lililozikwa. Ukimaliza, kunja nailoni na uiweke kivulini.

Mwenye pikapu atengeneze sakafu ya mawe na saruji, urefu wa mita 5 na upana wa mita 3. Upande wa chini uwe chini kuliko wa juu kwa sentimita 10, na kingo ziinuliwe ili maji yasitoroke. Kisha chukua pipa la lita 200 ambalo halikuwekwa dawa ya sumu, ulikate katikati, upate mapipa mawili mafupi. Yazike moja chini ya jingine, hivi:

Pipa la kwanza ni la matope. Maji ya sakafu huingia humo na kutulia, udongo na mchanga ukazama. Hapo juu karibu na ukingo maji hupita kwenda pipa la pili.

Pipa la pili ni la mafuta. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea. Tukiyachukua maji ya chini, mafuta yatabaki juu. Toboa ubavu wa pipa sentimita 10 chini ya ukingo, upitishe bomba. Kwa ndani funga kiungo kilichopinda, ambacho mafundi hukiita elbo, na kipande cha bomba kinachoshuka mpaka sentimita 15 kutoka chini. Toboa tundu dogo juu ya kiungo hicho ili hewa iingie. Bila tundu hilo bomba laweza kuyanyonya maji yote pamoja na mafuta.

Maji yanayotoka huingia pipa zima la kuwekea, lenye mfuniko na bomba la kufungulia.

Kama una uwezo, ezeka sakafu kwa mabati. Mvua ikinyesha juu ya sakafu iliyo wazi hujaza mapipa na kuyasukuma mafuta yatoke. Tena paa lenyewe lakupa maji safi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 5 kwa 4 likipata mvua ya milimita 10 litatoa lita 200, karibu pipa zima, ukiondoa kiasi kidogo kinachopotea. Yaweke katika tangi lake, ndiyo yatakayooshea gari.

4. Matumizi ya maji hayo

Tuseme waosha pikipiki mara tatu kwa juma na pikapu mara moja. Hayo ni madebe saba. Ukikinga matano, una lita 100 kila juma. Katika miezi ya ukavu, Desemba hadi Februari, madebe matano hupoza mashina matano ya migomba, debe moja kila shina. Au mwagilia majani ya matete, au miche ya miti uliyopanda.

Waweza pia kuyatumia maji hayo kulainisha matope ya magurudumu safari ijayo, kisha ukamalizia kwa maji safi.

Mwagia udongoni karibu na shina, si juu ya majani. Badilisha mahali kila mara. Sabuni nyingi zina chumvi ya sodiamu, nayo ikizidi mahali pamoja huufanya udongo ushikane na maji yasipenye. Mvua kubwa za masika husaidia kuiosha chumvi hiyo. Tandaza pia matandazo na samadi. Ukiona ncha za majani zinaungua, pumzisha mahali hapo.

5. Mambo ya kukatazwa

Usimwagie mboga zinazoliwa majani, kama sukuma wiki, chinsaga na rinagu. Usimwagie majani chai unayochuma. Usiwape ng'ombe wala kuku. Pipa lipake rangi nyekundu ili watoto wajue si maji ya kunywa.

Usioshee injini hapo, wala usimwage mafuta machafu. Mafuta ya injini yaweke katika chombo chenye kifuniko na uyapeleke kwenye gereji inayoyakusanya. Utando wa pipa la pili ukusanye kwa kitambaa, uufanyie vivyo hivyo.

Gari lililobeba dawa za mimea zilizomwagika, maji yake usiyatumie tena kabisa. Na usitumie dawa ya kung'arishia nguo katika maji ya kumwagilia, kwani huua vijidudu vyema vya udongo.

Usiyaweke zaidi ya siku moja. Maji ya sabuni hunuka upesi, na maji yaliyo wazi ni nyumba ya mbu. Nyanda hizi za Kisii na Nyamira zimewahi kupatwa na milipuko ya malaria, tusiwaalike mbu kwa mikono yetu. Mapipa yote yafunikwe. Tope la pipa la kwanza lichotwe kabla halijafika nusu, likauke, lizikwe mbali na chemchemi na bustani.

Ndugu msomaji, hapa hapana mtambo wa kuagiza kutoka mbali. Pana pipa lililokatwa, bomba fupi na mteremko uliokwisha pewa bure. Kama huna fedha ya saruji, anza na nailoni na karai. Mkiwa jirani watatu wenye pikipiki, jengeni sakafu moja kwa shirika. Mwombeni Bwana au Bibi Shamba wa wadi yenu aje kutazama mahali mlipochagua kabla ya kuchimba.

Maswali ya kikundi

1. Mpira wenu hutoa lita ngapi kwa dakika?
2. Kwa nini maji huchukuliwa chini ya pipa la pili, wala si juu?
3. Taja mimea mitatu inayofaa kumwagiliwa maji haya na mitatu isiyofaa.
4. Ni nani achotaye maji chini ya mahali mnapooshea sasa?