SOMO LA 12: KUUONA MJI KWA MIGUU



Sisi wa Mikese tunaijua njia ya Dar es Salaam. Barabara kuu inapita kwetu, na reli pia. Wengi wetu tumekwenda huko kuuza mazao, kumtazama mgonjwa, au kuhani msiba. Lakini ukiulizwa umeona nini, utajibu: stendi, soko, na nyumba ya ndugu. Hivyo ndivyo mtu anavyofika mjini mara kumi bila kuujua.

Iko njia nzuri ya kuujua mji. Ni kutembea kwa miguu, watu wachache pamoja, mkiongozwa na mtu anayeufahamu. Mtu huyo huitwa mwongozaji. Wageni wa Ulaya hutembea hivyo katika Mji Mkongwe wa Unguja. Lakini matembezi hayo si ya Wazungu peke yao. Darasa la kisomo au kikundi cha akina mama kinaweza kufanya vilevile.

Kwanza, mwulizeni mwongozaji leseni yake. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka awe nayo. Isome mwenyewe, usisomewe. Tazama jina, tazama na tarehe ya mwisho. Pili, patana naye bei kabla ya kuanza. Je, bei hiyo ni ya mtu mmoja au ya kikundi kizima? Ugomvi mwingi hutoka hapo. Andikeni mlichopatana, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari.

Anzeni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Vaeni viatu mlivyovizoea. Msipige picha Ikulu, bandarini, wala penye askari.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Boma la Kale, karibu na bandari. Lilijengwa miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid bin Said wa Unguja. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe. Mwaka 2017 kilifunguliwa humo kituo cha urithi wa majengo ya mji, kikaanza kuandaa matembezi ya namna hii.

Mkiendelea mtaona makanisa mawili ya zamani, la Kilutheri la Azania Front na la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu. Yote mawili yalijengwa wakati wa Wajerumani. Hayo mwongozaji atawaeleza vizuri.

Kisha mtafika Mtaa wa Samora, penye sanamu ya Askari. Hapo msiwe na haraka. Sanamu hii iliwekwa mwaka 1927. Ni ya mwanajeshi Mwafrika aliyeshika bunduki. Chini yake pana maneno, na mengine ni ya Kiswahili. Yasome. Yanawakumbuka askari Waafrika wa vita vya 1914 hadi 1918, pamoja na wapagazi, yaani watu waliobeba mizigo ya jeshi.

Kwa nini nakuambia usome polepole? Kwa sababu habari hiyo ni ya kwetu pia. Waingereza waliuteka mji wa Morogoro mwezi Agosti 1916. Baadaye mizigo ya vita iliteremshwa Mikese, kwenye reli, ikapelekwa kusini kuelekea Mto Mgeta na Mto Rufiji. Mvua za mwaka 1917 zilipokuwa kubwa, magari yalikwama katika tope. Ikabidi watu wabebe mizigo vichwani. Wapagazi wengi walikufa katika vita vile, na waliouawa na njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Wengi hawana kaburi linalojulikana.

Mwongozaji anaweza asiyajue hayo ya Mikese. Mwambieni. Yeye ameusomea mji, lakini nyinyi mna wazee waliosimuliwa na wazazi wao. Mwongozaji mzuri husikiliza pia, na kesho atawaeleza wengine.

Malizieni Kariakoo. Kila mtu anapajua mahali hapo, lakini si kila mtu anajua jina limetoka wapi. Waingereza waliliita jeshi la wapagazi Carrier Corps, na kambi yake ilikuwa hapo. Wenyeji wakatamka Kariakoo. Jengo la soko ni la miaka ya 1970, na lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli. Liliungua mwezi Julai 2021. Hapo shikeni mikoba yenu vizuri!

Kuhusu usafiri, basi la Mikese ni rahisi zaidi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Tunaisikia ikipita tu. Anayeitaka aende kuipandia Morogoro au Ngerengere.

MASWALI

1. Utamwuliza mwongozaji mambo gani kabla ya kuanza matembezi?
2. Wapagazi walifanya kazi gani? Kwa nini magari hayakuweza kuifanya?
3. Jina la Kariakoo limetoka wapi?
4. Mwulize mzee mmoja wa kijijini kwako kama alisikia habari za mtu wa ukoo wenu aliyekuwa mpagazi. Andika jina la mtu huyo na sentensi tano juu yake. Lete daftari lako darasani.